PIKIPIKI YA USHIRIKA ISIUZWE KABLA YA KUZIBWA SHINGO YA KABURETA

Ndugu wanachama wa ushirika, ndugu wanakijiji wote,

Anayejua kusoma amsomee mwenzake. Ndugu wa darasa la watu wazima someni polepole, maneno mageni tumeyaeleza humu humu. Habari ya leo ni ndefu kidogo, lakini inahusu mali ya kila mmoja wetu.

Mkutano mkuu wa wanachama umekaribia. Katika ajenda limo pendekezo la kuuza pikipiki ya ushirika kama chuma chakavu, kisha tukope fedha tununue mpya, na deni likatwe kwenye malipo ya pamba ya msimu ujao. Wanaoleta pendekezo hilo siyo watu wabaya. Wamechoka tu. Asubuhi pikipiki inawaka kwa shida. Ikishawaka inanguruma yenyewe kama kuna mtu anaivuta mafuta. Njiani inakosa nguvu, kilima kidogo tu inalia. Na fundi mmoja wa mjini amekwisha kusema kwamba injini imekufa, inataka pistoni mpya na bloku ikachongwe.

Sisi tunasema hivi: isiuzwe, wala injini isifunguliwe, mpaka kwanza pazibwe mahali panapovuja hewa kati ya kabureta na injini. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Vifaa vyake vyote pamoja havifiki bei ya tairi moja. Pikipiki mpya ni mamilioni ya shilingi. Hebu tupime wenyewe, kipi kitangulie?

Tunajua wapo watakaosema, "Katibu ameanza lini ufundi?" Jibu ni kwamba jambo hili siyo la siri wala la wataalamu peke yao. Kila mwenye macho, masikio na subira anaweza kulielewa. Tuanze mwanzo.

SHINGO NI NINI, NA INAFANYA KAZI GANI

Injini haili petroli tupu. Inakula petroli iliyochanganywa na hewa. Kabureta ndiyo jiko la kuchanganyia. Hewa inaingia kwanza kwenye chujio, inaachia vumbi pale, inapita kwenye kabureta, inabeba petroli, halafu inaingia kwenye injini kupitia bomba fupi. Bomba hilo fupi mafundi huliita manifodi. Sisi hapa kijijini tumezoea kusema shingo ya kabureta, na tuendelee na jina hilo hilo.

Kipimo cha mchanganyiko huo ni kilo moja ya petroli kwa karibu kilo 15 za hewa. Mtu atacheka, hewa nayo ina kilo? Ndiyo, inayo, ila ni nyepesi. Ukitaka kuipima kwa debe la lita 20, kilo moja tu ya petroli inataka zaidi ya madebe 600 ya hewa. Sasa angalia injini yetu. Ni ya mtindo wa Honda CG125, ambayo Honda walianza kuitengeneza miaka ya 1970, wakitaka injini ngumu kwa nchi ambako mafundi na vipuri viko mbali. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 124. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, inavuta mara 2,000. Ikijaza kila inapovuta, hiyo ni karibu lita 248 za hewa kwa dakika, yaani madebe zaidi ya 12. Huo siyo mchezo. Ni mvuto mkubwa, na unapita wote katika shingo ile ndogo.

Shingo imeungwa mahali pawili. Upande mmoja inakutana na kabureta, upande wa pili inakutana na kichwa cha injini. Kila kiungo kina kitu cha kuziba. Pengine ni oringi, yaani pete ya mpira mweusi iliyokaa kwenye mfereji wake. Pengine ni gasketi, yaani karatasi ngumu iliyokatwa kwa umbo la kiungo. Kati yao huwapo pia kipande cha plastiki ngumu cha kuzuia joto la injini lisiichemshe kabureta. Pikipiki za aina nyingine shingo yenyewe ni ya mpira, imebanwa kwa klipu.

Vitu hivyo vya kuziba havidumu milele. Joto linavikausha, mvuke wa petroli unavila, mtikisiko wa barabara zetu unavilegeza. Oringi iliyokuwa ya mviringo inabonyea na kuwa bapa. Gasketi inapasuka. Shingo ya mpira inachanika mistari mistari kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi. Hapo hewa inapata mlango wa uani.

Mfano wake ni mrija. Ukinywa soda kwa mrija mzima, soda inakuja. Mrija ukiwa na tundu juu ya soda, unavuta, mashavu yanaingia ndani, unapata hewa tu. Injini yetu inavuta kwa mrija wenye tundu. Ndiyo maana ina njaa.

DALILI ZAKE

Dalili wengi wetu tumezisikia kwa masikio yetu, ila tulikuwa hatuzipi jina.

Kwanza, pikipiki haiwaki asubuhi bila choki, na ikiwaka inataka choki muda mrefu. Choki inapunguza hewa. Pikipiki inayodai choki kila wakati inakuambia kwamba hewa imezidi.

Pili, ikisimama bila gia, mlio unapanda na kushuka wenyewe. Ukivuta mafuta ukaachia, mlio haushuki upesi, unaning'inia juu.

Tatu, ukiachia mafuta kwenye mteremko, bomba la moshi linapiga milipuko midogo midogo.

Nne, ukifungua plagi unaikuta nyeupe kama imepakwa chokaa. Plagi ya injini iliyoshiba vizuri huwa na rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeusi kwa masizi, hapo petroli imezidi, na hiyo ni habari nyingine.

Tano, injini inapata joto kupita kawaida na nguvu inapungua.

Hata hivyo tusiwe watu wa kukimbilia. Mlio unaoning'inia unaweza kuletwa na waya wa mafuta uliokaza. Kwa hiyo kwanza geuza usukani kushoto na kulia huku injini inawaka. Mlio ukibadilika, angalia waya kabla ya kitu kingine. Ukiwa waya ni mzima, ndipo uende kwenye shingo.

KIPIMO CHA MAJI

Kuna kipimo ambacho hakina gharama. Pikipiki iwake isimame bila gia. Chukua maji safi kidogo kwenye chupa ya kunyunyizia, au hata chupa ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa. Nyunyizia kidogo kidogo kwenye kiungo cha shingo na kabureta, halafu kiungo cha shingo na kichwa cha injini. Usimwage maji kwenye chujio wala kwenye plagi. Mlio ukibadilika pale maji yanapogusa, ukashuka au ukatetereka, basi umepaona. Maji yameziba tundu kwa kitambo kidogo na injini imekwambia yenyewe.

Wako mafundi wanaofanya kipimo hicho kwa kunyunyizia petroli. Sisi tunasema hapana. Injini ina moto, plagi ina cheche. Mtu atateketea kwa kutafuta tundu la oringi. Maji yanatosha.

Kipimo hiki kimefanywa mbele ya ghala Jumamosi iliyopita, watu wakiona. Maji yalipogusa kiungo cha kabureta, mlio ulishuka. Yalipokauka ukapanda tena. Imerudiwa mara tatu, mara zote tatu ni hivyo hivyo. Wanaosema injini imekufa tunawaomba nao waje na kipimo chao. Kusema peke yake siyo kipimo.

HASARA YA KUACHA

Mtu anaweza kusema, "Tundu dogo tu, pikipiki si inatembea?" Inatembea, ndiyo. Lakini inajila yenyewe.

Hasara ya kwanza ni joto. Mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita kiasi unaiungua injini kwa ndani, hasa unapopanda mlima na mzigo. Pistoni inapanuka, inakwaruza ukuta wa silinda. Kwa injini za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili na petroli, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu petroli ikipungua na oili nayo inapungua. Pistoni inakwama pale pale, tairi la nyuma linajifunga na dereva anaruka.

Hasara ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa barabara za vumbi. Hewa inayoingia kwa mlango wa uani haipiti kwenye chujio. Inaingia na vumbi lake. Na vumbi letu siyo unga wa sembe, ni mchanga. Mchanga ule unaingia kati ya ringi za pistoni na silinda, unasaga kama jiwe la kusagia. Miezi ikipita, ringi zimekwisha, oili inapanda, moshi wa bluu unatoka, na hapo ndipo kweli inatakiwa pistoni mpya na bloku ichongwe. Yaani ule ugonjwa uliotajwa na yule fundi, sisi wenyewe tunautengeneza kwa kuliacha tundu.

Kwa hiyo hata tukinunua pikipiki mpya, shingo yake nayo itazeeka. Kama hatujui kuziba, mpya itakwenda njia ile ile ya hii, na deni tutabaki nalo.

DAWA ZA UONGO

Jambo la kusikitisha ni kwamba tundu hili huwa linafichwa badala ya kuzibwa. Tutaje njia zinazotumika, ili kila mwenye pikipiki ajihadhari nazo.

Iko njia ya kuzungusha skrubu ya mlio. Pikipiki inanguruma juu, mtu anafungua skrubu mlio ushuke. Inatulia kwa siku mbili, kisha inazimika kila inaposimama. Tundu bado lipo.

Iko njia ya kuongeza petroli kwenye kabureta. Hii nayo ni bure. Tundu linaingiza hewa nyingi zaidi wakati mafuta yamefungwa, maana hapo mvuto ndani ya shingo ni mkali. Ukifungua mafuta yote, mvuto unalegea na tundu linaonekana dogo. Sasa ukiweka petroli ya kutosheleza wakati pikipiki imesimama, ikitembea itakuwa imezidi. Unanunua petroli ya kumwaga.

Iko njia ya kupaka silikoni nje ya kiungo. Silikoni ya kawaida haipatani na petroli. Inalainika, inavimba, inabanduka. Kipande kikivutwa ndani kinaweza kukaa kwenye njia ya petroli au kwenye valvu.

Iko njia ya kukata mpira wa ndani wa tairi na kuufanya gasketi. Mpira ule ukilowa petroli unavimba na kuwa kama ugali mbichi. Oringi za bomba la maji nazo nyingi ni hivyo hivyo, zimetengenezwa kwa maji, siyo kwa petroli. Inatakiwa oringi ya mpira unaostahimili petroli, unaoitwa naitraili. Dukani ukisema oringi ya kabureta ya pikipiki ya aina fulani, ndiyo utapewa.

Na iko njia ya nguvu, ambayo vijana wetu wanaipenda sana: kukaza. Panavuja, kaza. Bado, kaza zaidi. Uso wa kabureta ni wa alumini, chuma laini. Bolti ziko mbili, moja kila upande. Ukikaza kupita kiasi, masikio mawili yanavutwa na katikati panainuka kama mgongo wa kobe. Hapo hata oringi mpya haitaziba. Ukikaza tena, sikio linakatika, na kabureta nzima ni ya kutupa.

KAZI YENYEWE

Sasa tueleze namna ya kuifanya. Aliye na pikipiki nyumbani anaweza kunakili hatua hizi kwenye daftari.

1. Injini ipoe kabisa. Kazi ifanywe mchana, mahali pasipo upepo wa vumbi. Sigara na koroboi vikae mbali.

2. Funga koki ya petroli. Mwaga petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta, iingie kwenye chupa, siyo ardhini.

3. Kabla ya kufungua kitu chochote, safisha nje ya shingo kwa brashi na kitambaa. Ukifungua na vumbi lake, vumbi lote litadondokea ndani.

4. Legeza klipu ya upande wa chujio. Fungua bolti za shingo kwa spana namba 10. Toa kabureta taratibu, usivute waya.

5. Mara tu shingo ikitoka, ziba tundu la kichwa cha injini kwa kitambaa safi. Nati moja ikianguka humo, valvu na pistoni vinaharibika. Hatua hii isirukwe hata na fundi mkubwa.

6. Toa oringi na gasketi kuukuu. Mabaki yakwanguliwe kwa kijiti kigumu au plastiki, siyo kwa bisibisi. Bisibisi inachimba mistari kwenye alumini, na kila mstari ni mfereji wa hewa.

7. Weka rula ya chuma juu ya uso wa kabureta na uangalie kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, uso umepinda. Chukua kipande cha kioo bapa, weka juu yake msasa laini namba 400, lowesha maji kidogo, halafu sugua uso wa kabureta juu yake kwa mzunguko wa namba nane, bila kukandamiza. Angalia mara kwa mara. Uso ukiwa na rangi moja kote, acha. Osha vizuri isibaki hata chembe ya msasa. Kipande cha plastiki cha kuzuia joto nacho kiangaliwe. Kikiwa na ufa, kibadilishwe.

8. Weka oringi mpya kwenye mfereji. Pitisha kidole juu yake. Lazima uisikie imeinuka kidogo juu ya uso, maana inaziba kwa kubonyezwa. Ikiwa imezama, ni nyembamba, haifai. Ipake tone la oili isijikunje.

9. Mahali pa gasketi, tumia gasketi ya dukani, au kata mwenyewe kwenye karatasi maalumu ya gasketi. Boksi la sabuni siyo gasketi. Tundu la katikati lisiwe dogo kuliko tundu la shingo, wala karatasi isitokeze ndani.

10. Rudisha kwa mpangilio ule ule. Bolti zikazwe kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, mpaka zishike. Nguvu yake siyo kubwa. Ni sawa na jiwe la mizani la kilo 8 hadi 10 lililoning'inizwa kwenye mpini wa spana, sentimita 10 kutoka kwenye bolti. Shika spana karibu na kichwa chake na hutazidisha.

11. Fungua petroli, angalia kama inavuja. Washa. Rudia kipimo cha maji. Mlio usipobadilika, umeziba. Ndipo sasa, na siyo kabla, urekebishe skrubu ya mlio.

Baada ya siku chache za barabarani, angalia bolti tena injini ikiwa imepoa, maana gasketi mpya hukaa ikajipunguza.

MAJIBU KWA WENYE MASHAKA

Wako wanaosema pikipiki ni ya zamani, imekula chumvi, iachwe. Uzee siyo ugonjwa. Injini ya mtindo huu ndiyo imeigwa na viwanda vingi vya China, na bodaboda nyingi zinazopita hapa zina injini ya ukoo huo huo. Kwa hiyo vifaa vyake vya kuziba vipo madukani, muhimu ni kupeleka kile kuukuu kama sampuli, maana vipimo hutofautiana. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, jinsi vipuri vilivyokuwa adimu nchini. Mtu alikuwa anatunza nati kama anavyotunza mbegu. Leo nati zimejaa, tunataka kutupa pikipiki nzima. Hilo siyo jambo la kujivunia.

Wako wanaosema, je, tukiziba na bado ikakosa nguvu? Swali hilo ni la haki, na tunalijibu wazi. Kuziba shingo hakuponyi ringi zilizokwisha. Tukiziba, kipimo cha maji kikapita, na bado ikatoa moshi wa bluu na kukosa nguvu, basi tutajua ugonjwa umeingia ndani, na mkutano utaamua kuitengeneza au kuiuza. Hata kuiuza tutaiuza tukijua tunauza nini. Tunachokataa ni kuanza na la mwisho. Mgonjwa wa homa hapelekwi kupasuliwa kabla ya kupimwa damu.

Na wako vijana wa bodaboda wanaosema, "Haya sisi tunayajua." Vizuri sana, bwana. Basi yatoeni. Elimu ikikaa kichwani mwa mtu mmoja, akihama inahama naye. Ujuzi wa kijiji ni ule unaojulikana na wengi na ulioandikwa.

MAPENDEKEZO YETU KWA MKUTANO

Kwa hayo yote tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, pendekezo la kuuza lisimamishwe mpaka shingo izibwe na pikipiki itembee mwezi mmoja, na karani alete taarifa ya petroli iliyotumika na mwendo uliokwenda.

Pili, kazi ifanywe hadharani mbele ya ghala, siku ambayo siyo ya mnada. Kila mwenye pikipiki aje aone, akina mama pia. Wapo akina mama hapa kijijini wenye pikipiki za kukodisha, na wao ndio wanaolipishwa pistoni kila mwaka bila kuonyeshwa ile iliyoharibika.

Tatu, ushirika ununue oringi za akiba, gasketi na karatasi ya gasketi, viwekwe ghalani kwenye bati lenye kifuniko, mbali na jua na mbali na dawa za pamba. Mwanachama akihitaji anunue kwa bei ile ile tuliyonunulia.

Nne, lifunguliwe daftari la pikipiki. Kila kinachofungwa na kufunguliwa kiandikwe: tarehe, kilichofanyika, aliyefanya, fedha iliyotumika. Mali bila daftari huisha bila habari. Leo tunabishana kama injini imekufa au la kwa sababu hakuna palipoandikwa lini ilibadilishwa hata oili. Darasa la watu wazima lilichukue daftari hilo kama zoezi. Mtu anayejifunza kuandika "oringi imebadilishwa" ameandika jambo la faida kuliko kunakili ubaoni sentensi isiyomhusu.

Ndugu zetu, pikipiki hii ndiyo inayompeleka karani benki, ndiyo inayoleta sampuli za mbegu, na usiku mama akishikwa na uchungu ndiyo inayompeleka mkunga kwake. Tulichanga kuinunua kwa jasho. Deni la mamilioni litakatwa kwenye pamba ya kila mmoja wetu, hata ya yule asiyepanda pikipiki hata siku moja. Kabla ya kumbebesha mzigo huo, tunayo haki ya kumwonyesha kwamba tumejaribu kile cha bei ndogo na tumekifanya sawasawa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu upana wake haufiki unene wa ukucha, na mahali pake tumekwisha kupajua. Njooni mkutanoni kwa wingi. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, atasikilizwa. Asiyeweza kufika aandike maoni yake, ayabandike hapa chini ya karatasi hii.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya kamati ya gazeti la ukutani.